Nani ana ruhusa ya kupita mshale?



Kuna mchezo wa kompyuta ambao wengi wenu munaujua, na hata wasioucheza wameshaona video zake kwenye simu: Cities: Skylines. Unapewa uwanja mtupu, unachora barabara, unaleta maji na umeme, watu wanakuja kuishi, na kisha siku moja mji unakuzidi nguvu. Ulitoka tarehe 10 Machi 2015. Waliouunda ni Colossal Order, kikundi kidogo cha Tampere, Finland. Mbele ya hapo walikuwa wametoa mchezo mwingine uliohusu usafiri wa watu tu, Cities in Motion. Yaani ni watu waliofikiria basi kwanza, mji baadaye.

Tunauzungumzia hapa juu ndani yake kuna swali moja dogo, swali la kitufe kimoja, ambalo katika miji yetu haliulizwi waziwazi. Mshale uliochorwa barabarani ukisema "hapa ni kukata kulia tu", nani ana ruhusa ya kutoufuata?

Kwetu jibu tunalijua kwa macho. Tuangalie kwanza vile mchezo unajibu, kisha turudi nyumbani.

Basi linafanya vile barabara imeliambia

Ndani ya mchezo, barabara haiko lami tupu. Imegawanywa kwa mistari, na kila mstari unaofika kwenye makutano una mshale: kushoto, mbele, kulia. Gari likitoka, kompyuta inalihesabia njia yote, na inahesabu pia litashika mstari gani kufika kule linaenda. Likishapata njia yake, haliibadilishi katikati eti foleni ni ndefu. Njo maana wachezaji wanaona ajabu moja: barabara ya mistari mitatu, miwili iko wazi, na magari yote yamejipanga kwenye mmoja. Wanaoanza wanakasirika, wanasema kompyuta ni mjinga. Wazoefu wanaangalia mbele zaidi, makutano mawili matatu kutoka pale, na wanakuta sababu: magari yote yanataka kutokea mahali pamoja, na mahali pale panapokea mstari mmoja tu.

Hapo kuna somo la kwanza. Mchezo haukupi kifaa cha kupigia shofere kelele. Hakuna filimbi, hakuna fimbo, hakuna amande. Ukiona msongamano, uko na kitu kimoja tu cha kugusa: barabara yenyewe. Unasogeza, unapanua, unabadilisha mishale. Mwenye kuchora njo mwenye kujibu.

Sasa basi. Basi liko na shida ambayo gari dogo halina. Lazima lisimame kwenye kituo, na kituo kiko pembeni, kwa hiyo lazima lishike mstari wa pembeni. Tuseme ni mji wa kuendesha kulia sawa vile kwetu. Kituo kiko upande wa kulia, hatua chache mbele ya makutano, na laini ya basi inatakiwa ikate kushoto. Mstari wa kulia unasema: mbele au kulia tu. Wa kukata kushoto ni ule wa mbali kabisa, ng'ambo ya mistari mingine. Nafasi ya kuvuka kutoka huku kwenda kule haiko.

Basi litafanya nini? Litatii. Litaenda moja kwa moja, litatafuta njia ya kuzunguka, litapita mitaa miwili mitatu, na mwishowe litatokea kule lilitakiwa kutokea. Mchezaji akiangalia mstari wa rangi unaoonyesha laini yake, anaona umejikunja kama kamba iliyofungwa vibaya. Abiria wanapoteza wakati, mabasi yanafuatana nyuma kwa nyuma, na kituo cha mwisho kinajaa watu. Na hakuna aliyevunja sheria. Sheria imefuatwa vizuri kabisa, na abiria bado ameumia.

Kitufe kimoja kwa mji mzima

Shida hiyo haikupewa jibu na kampuni. Ilipewa jibu na wachezaji wenyewe. Watu wa kujitolea waliandika programu ya kuongeza juu ya mchezo, inayoitwa Traffic Manager: President Edition. Jina lina rais ndani, lakini iliandikwa na raia: watu walioona kasoro, wakafungua kazi, wakaigawa bure kwa wengine. Kwa programu hiyo unaweza kuchora wewe mwenyewe mstari gani unaunganika na mstari gani, kuweka alama za kusimama, kupanga taa kwa hatua na sekunde, kukataza malori kwenye mstari fulani.

Na ndani ya orodha yake ya chaguo kuna sentensi moja fupi inayosema mabasi yanaweza kutofuata mishale ya mistari. Unatia alama, na mji wako wote umebadilika. Basi likitoka kituoni linaweza kukata kushoto hata kama mshale wake hausemi hivyo. Gari la mtu binafsi linabaki na mshale wake.

Tulipenda sentensi hiyo kwa sababu tatu.

Ya kwanza: imeandikwa. Kila anayefungua ule mji anaiona iko wapi, na anaona imewashwa au imezimwa.

Ya pili: inapewa gari kwa sababu ya watu waliomo. Basi la kawaida la mchezo huo linabeba abiria 30. Ukilipa basi moja nafasi ya kupita, umewapa watu 30 dakika zao. Ni hesabu ya sokoni, mtoto wa primaire anaifanya.

Ya tatu: iko na bei, na bei hiyo inaonekana. Basi likikata kutoka pembeni kulia kwenda kushoto, linapita mbele ya mistari mingine, na magari hayo yanangoja. Makutano yakijaa, basi lenyewe linabaki katikati na linaziba pande zote. Wachezaji wazuri hawakai na kitufe hicho peke yake. Wanasogeza kituo mbali na makutano, au wanakiweka baada ya kona, au wanalipa basi mstari wake. Ruhusa ya kupita mshale inabaki dawa ya muda, mpaka barabara itengenezwe.

Kwetu kitufe kimewashwa kwa nani?

Sasa turudi nyumbani. Simama kwenye rond-point yoyote kubwa ya mji wetu, saa kumi na moja jioni. Taxi-bus imejaa mpaka mlangoni, convoyeur ananing'inia. Moto zinajipenyeza. Wamama na mizigo wanatafuta pa kuvukia. Halafu sirène. Jeep ya vioo vyeusi, mbele yake nyingine, nyuma yake nyingine, zinakuja upande usio wao, zinapanda mpaka kwenye nafasi ya waenda kwa miguu. Kila mtu anatakiwa kujibana. Ndani ya jeep kuna mkubwa mmoja na walinzi wake. Mara nyingine mkubwa mwenyewe hayuko, ni gari tu linaenda kuchukua mkate.

Hicho pia ni kitufe cha kutofuata mshale. Kiko kwetu, kimewashwa mchana na usiku. Tofauti ni kwamba hakijaandikwa popote ambapo raia anaweza kukisoma, kinapewa wachache, na bei yake inalipwa na wale 15 au 20 waliobanana ndani ya taxi-bus, ambao hawatahesabiwa na mtu.

Tuelewane vizuri. Ambulance ipite. Gari la kuzima moto lipite. Mgonjwa na nyumba inayoungua havingoji mshale. Hatusemi kusiwe na ruhusa. Tunasema ruhusa iwe na sababu inayoweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu. "Nabeba mgonjwa" ni sababu. "Nabeba watu wengi" ni sababu. "Unajua mimi ni nani?" haiko sababu.

"Lakini mashofere wenu hawana nidhamu"

Hili tunalisikia kila mara. Wakubwa wakiulizwa juu ya msongamano, wanajibu kwa tabia ya shofere: anasimama hovyo, anakata hovyo, haheshimu mtu. Hatukatai kwamba anafanya hivyo. Tunauliza kwa nini.

Ile programu ya wachezaji iko na chaguo lingine la kuchekesha. Unachagua asilimia ngapi ya madereva wa mji wako hawatafuata sheria. Kuna ngazi nne, 10, 5, 2 na 0, na kila moja ina jina lake: ile ya 10 ni Njia ya Uovu, ile ya 0 ni Mji Mtakatifu. Soma tena: uovu wenyewe, ule wa mwisho kabisa, ni watu 10 kwa 100. Waandishi wake hawajawahi kupanda taxi-bus ya kwetu siku ya mvua.

Lakini chaguo hilo linasema kitu cha kweli. Kwa mchezo, tabia mbaya ni namba unayoweka wewe. Kwenye mji wa kweli namba hiyo haitoki hewani, iko na mizizi. Na mzizi wa kwanza ni pesa.

Basi la mchezo linalipwa na bajeti ya mji. Likiwa na abiria mmoja au 30, linaendelea. Ukipunga mkono kati ya vituo viwili, halisimami, juu halina haja na wewe. Shofere wa taxi-bus yuko na haja na wewe. Jioni lazima ampelekee mwenye gari versement yake, aweke mafuta, alipe convoyeur, aache kitu kwa vizuizi vya njiani, na kile kinabaki njo kinaenda nyumbani kwa watoto. Kila mkono unaopungwa pembeni ya barabara ni kipande cha versement. Akisubiri kituo, mwenzake atamchukua yule abiria. Kwa hiyo anakata, anasimama katikati, anarudi nyuma. Anafanya vile pesa imemwambia, sawa vile basi la mchezo linafanya vile mshale umeliambia.

Hata waundaji wa mchezo walilifikia hilo. Kwenye Cities: Skylines II, iliyotoka tarehe 24 Oktoba 2023, njia inachaguliwa kwa vitu vinne: wakati, raha, pesa na mwenendo. Pesa iko ndani ya hesabu. Anayetaka kurekebisha mwenendo wa shofere bila kugusa versement, anataka kubadilisha namba moja na kuacha tatu.

Sheria inayoshuka kutoka juu

Mwisho wa Oktoba 2024, Kinshasa ilijaribishiwa mpango wa njia za upande mmoja kwa zamu: barabara kadhaa kubwa, saa fulani magari yote upande huu, saa fulani yote upande ule. Kwenye karatasi wazo hilo linaeleweka, na miji mingine duniani inalitumia. Lakini wenzetu wa Kinshasa waliona milolongo mirefu, na watu wengi walirudi nyumbani kwa miguu.

Mwenye kucheza mchezo huu anajua kwa nini. Ukigeuza mwelekeo wa barabara kubwa, mabasi yote yaliyokuwa na kituo upande ule yanapoteza kituo. Magari yote yanayotaka kurudi yanatupwa kwenye mitaa ya pembeni. Kama mitaa hiyo ni mashimo na matope, barabara kubwa umeifungua na mji umeufunga. Njo maana mchezaji anayejiheshimu, mbele ya kugeuza barabara, anasimamisha wakati na anaangalia kila laini ya basi inayopita pale. Raia hawezi kusimamisha wakati. Kwa hiyo aulizwe kabla.

Na tusisahau kwamba kwetu kuna kitu kilichowahi kufanya kazi vizuri, na kilitoka kwa Wacongomani wenyewe. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti za kuongoza magari, za aluminiamu, zilizoundwa na kikundi cha wanawake mainjinia kilichoongozwa na Thérèse Izay. Watu walizicheka, kisha walizizoea, na mashofere wengi walisema wanaziheshimu. Roboti haijui sura ya mtu. Ikisema simama, imesema kwa taxi-bus na imesema kwa jeep. Kile kilichowafurahisha watu hakikuwa chuma. Kilikuwa usawa.

Mstari wa basi

Kuna jibu lililo bora kuliko kulipa basi ruhusa ya kuvunja mshale: ulipe mstari wake, lisiwe na haja ya kuvunja kitu. Mchezo uliongeza barabara zenye mstari wa mabasi mwezi wa Septemba 2015, kwa nyongeza iliyoitwa After Dark. Miezi michache baadaye, Mei 2016, jirani zetu wa Dar es Salaam walianza kupanda mabasi ya mwendokasi, kama kilomita 21 za njia ya mabasi peke yake, katikati ya barabara, kuanzia Kimara kuelekea Kivukoni. Wafanyabiashara wetu wanaoenda kule kuchukua mizigo bandarini wameyaona kwa macho yao.

Mwendokasi haiko paradiso. Watu wa Dar wanalalamika mabasi ni machache, foleni kwenye vituo ni ndefu, na bodaboda na magari binafsi wanaiba mstari pale wakipata nafasi. Lakini kuna kitu kimoja kimebadilika kule: gari la mtu mmoja likiingia mule, kila abiria anajua limeingia mahali pasipo pake. Mstari umefanya haki ionekane. Kwetu mstari hauko, kwa hiyo hata kosa halionekani, na anayelalamika anaambiwa anapiga kelele bure.

Wengine watasema hatuna pesa ya kujenga kama Dar. Sawa. Kituo kusogezwa mbali na rond-point kinaomba pesa ngapi? Rangi ya mishale inaomba ngapi? Ukingo wa mawe, kwenye nchi ambayo baadhi ya miji yake imejengwa juu ya volkano, unaomba ngapi?

Magari hayapotei

Kitu cha mwisho kuhusu mchezo. Ukiuacha vile ulivyotoka, gari likikwama muda mrefu sana linapotea tu. Linafutika barabarani, na msongamano unapungua peke yake. Wachezaji wa kweli wanazima usaidizi huo, juu wanasema ni kujidanganya: mji unaonekana unatembea, kumbe unaficha.

Viongozi wetu wanaishi na usaidizi huo ukiwa umewashwa. Wao hawakwami, wanafunguliwa. Wakifika ofisini dakika kumi baada ya kutoka nyumbani, wataamini kweli kwamba mji unatembea. Lakini mwanafunzi aliyekosa mtihani hakupotea. Mama aliyefika sokoni mboga zimelala hakupotea. Wako pale, ndani ya taxi-bus, wanangoja jeep ipite.

Kwa hiyo tunadai

1. Orodha iandikwe na ibandikwe mahali pa wazi: ni magari gani yana ruhusa ya kutofuata mshale na alama, na kwa sababu gani. Wagonjwa, moto, usafiri wa watu wengi pale inapofaa. Asiyekuwa kwenye orodha, hata awe na vioo vyeusi namna gani, afuate mstari.

2. Mbele ya kumpiga shofere amande kwa kusimama hovyo, aonyeshwe kituo. Vituo vichorwe, viwe mbali na makutano, na viwe na nafasi ya gari kutoka na kushika mstari wake.

3. Kila mji mkubwa uchague barabara moja, moja tu ya kuanzia, na uweke mstari wa mabasi wenye ukingo. Wenye magari, mashofere na convoyeurs waitwe mezani, na versement izungumzwe pale pale.

4. Jaribio lolote la kugeuza njia litangazwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na majibu yatolewe kwa watu: nini kilihesabiwa, nani alipata, nani alipoteza.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umebanwa kwenye kiti cha nyuma, uko na kazi pia. Jeep ikipita upande usio wake, andika mahali na saa, lete kwetu. Hatuhitaji jina la mtu. Tunahitaji hesabu: mara ngapi kwa siku, kwenye makutano gani, na taxi-bus ngapi zilingoja. Wakituambia ni jambo dogo, tutaweka hesabu hiyo juu ya meza.

Mshale umechorwa kwa rangi moja. Usomwe na wote, au ufutwe kwa wote.

Barabara ni ya wote!